Za Bubu Ziko Wapi?

Mkwe wangu ni mtu wa kukaa. Sisemi kwa ubaya. Mimi nilishona magodoro maisha yangu yote, na godoro hushonwa umekaa chini, miguu umeinyoosha, sindano ndefu mkononi. Najua kukaa ni kazi. Lakini kwangu jioni godoro lilionekana. Yeye alikaa kwenye kochi asubuhi, kompyuta mapajani, jioni akanyanyuka, akajinyoosha mpaka mgongo ukalia, akasema leo amefanya kazi sana. Tukatazama. Hapakuwa na kitu.

Alimwoa binti yangu wa pekee. Wakaja kukaa kwetu muda mfupi wakitafuta nyumba. Mpaka leo wanatafuta.

Ni kijana mpole. Kijana nasema mimi, kichwani mvi zimeshapiga hodi. Mbele yangu hukaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Nikiingia husimama. Nikitoka husimama. Mimi si mtu wa maneno, yeye ananiheshimu, basi tulikaa miaka nyumba moja tukisimama na kukaa.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na maneno, ya kwake na ya kwangu. Alimuuliza mkwe mapema kabisa kazi yake hasa ni ipi. Akajibu anaandika programu. Za redio? Hapana, za kompyuta. Akaulizwa mtu anaandikaje siku nzima bila kalamu. Mkwe kwa adabu akaeleza kwamba haandiki yote mwenyewe, mengine anatumia maktaba.

Hapo ndipo alipojiponza. Sisi maktaba tunayoijua ni ile nyumba ya vitabu karibu na posta, ina ngazi, ina bibi wa kukuambia unyamaze. Mke wangu hakubisha. Alianza kuvitazama viatu vya mkwe pale mlangoni. Kila siku vilikuwa palepale, vumbi lilelile. Akahukumu: huyu ni mwongo, ila mwongo mpole.

Baadaye binti alitueleza kwamba maktaba ya watu wa kompyuta ni kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine, akaiacha wazi, wewe unaichukua unajenga yako juu yake. Mke wangu akasema, ndiyo hivyo, hata hiyo kazi yenyewe kafanyiwa na wenzake.

Alimwita Mgeni. Si mbele yake. Alimwita hivyo alipozungumza na dada yake, maana hao wawili walitumiana sauti kwa simu asubuhi na jioni. Shemeji anaishi mbali. Nilikuwa napita jikoni, nasikia: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu jembe tumempa, kalikalia."

Kisha mke wangu akafariki. Hilo sitaliandika sana.

Simu yake ilibaki kwenye dirisha la jikoni, pale alipokuwa akiiweka ipate chaji. Hakuna aliyeiondoa. Siku moja nikamwambia binti nataka kuisikia sauti ya mama yake. Akaifungua. Sauti zilikuwa nyingi kama punje za mchele, na kila moja jina lake ni tarakimu, mstari mzima. Mimi kusoma nilifundishwa na mke wangu, kwenye kalenda, nimeshaoa. Neno nalisoma polepole mpaka tunaelewana. Zile tarakimu zilinishinda. Zilimshinda na binti pia. Bonyeza hii, mama anagombana na mtu wa maji. Bonyeza ile, kikohozi, basi.

Nilitaka kitu kimoja. Nilitaka kusikia alivyonisema mimi. Mwanamke yule alimwambia dada yake kila kilichopita mlangoni kwetu, hata kuku. Lazima na mimi nimo. Sikumwambia mtu kwamba ndicho ninachokitafuta. Mtu mzima hawezi kuzunguka nyumba akiuliza alisemwaje. Lakini usingizi wangu ulikuwa hapo.

Balaa likaanzia kwa binti. Alichukua simu akaenda nayo chumbani baada ya chakula cha mchana, akatoka uso umebadilika. Mama hakumwacha mtu. Jirani yetu mfuga kuku kasemwa. Mume wa jirani kasemwa. Yeye binti mwenyewe kasemwa, kwamba anafua nguo kama anazibembeleza zilale. Na watu waliokuja kutupa pole walikuwa hawaishi kuomba, tuwekeeni japo kidogo tumsikie. Jirani mfuga kuku ndiye aliyeomba kuliko wote.

Binti akamwambia mumewe azifute zote mbaya.

Mimi nikasema asifute.

Wakanigeukia wote wawili, maana nilikuwa sijasema neno tangu asubuhi. Nikaongeza kwamba hata tusi lake ni lake.

Mkwe alisimama katikati, simu mkononi, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Upande huu mke, upande huu baba mkwe. Akasema tumpe muda.

Kesho yake alinifuata uani, akakaa ukingoni mwa benchi, akanieleza anachotaka kufanya. Nilielewa zaidi ya nilivyotarajia. Alisema kompyuta ina kiini, ndani kabisa, na humo mtu haingii ovyo, maana ukikosea humo nyumba nzima inaanguka. Yeye hataingia. Atajenga mfumo wake wa mafaili akiwa nje, uani, mahali pa watu wa kawaida. Kuna maktaba ya kazi hiyo, akasema, na kwenye neno hilo akasita kidogo. Maktaba inasimama kati yake na kiini. Mtu akifungua folda, kiini kinatoka nje kuja kumuuliza: humu mna nini? Yeye atakachojibu, ndicho kilichomo.

Nikamuuliza, na ukidanganya?

"Kitaamini, Baba."

Mke wangu alikuwa hivyohivyo. Mtu akija kufuata godoro ambalo sijalimaliza, yeye ndiye aliyekwenda mlangoni. Akisema sipo, sipo. Hata mimi nyuma ya pazia nilikuwa naanza kuamini.

Mkwe akaendelea kwamba sauti zenyewe zitakaa ghalani, hakuna atakayezigusa. Folda atakayoiweka mbele ya watu haina kitu ndani yake, ina majibu tu. Na kila mtu atajibiwa lake. Jirani akifungua atajibiwa ya jirani. Binti akifungua, ya binti. Mlango mmoja, kila mgeni na chumba chake.

Binti alikuwa dirishani anasikiliza. Akasema yeye alisema zifutwe.

"Ukibonyeza kufuta, itafutika," mkwe akamjibu.

"Itaenda wapi?"

"Kwani ukifuta meza, meza inaenda wapi?"

Dirisha likafungwa. Lakini nilisikia kicheko kwa ndani.

Basi akaanza. Alipachika vile vya masikioni, akasikiliza sauti moja baada ya nyingine, na kila moja akaiandikia pembeni imemsema nani na nani asiisikie. Palepale kwenye kochi. Mara mabega yanatikisika kwa kucheka. Mara anavua vile vya masikioni, anatoka uani, anasimama ameuelekea ukuta, anarudi macho mekundu. Nikadhani ni ile kompyuta inamuumiza macho.

Kazi haikwenda sawa. Siku aliyotuita tujaribu, majina yalitokea vizuri, kwa maneno, hata mimi nikayasoma. Tukabonyeza. Kimya. Bonyeza nyingine. Kimya. Kumbe kiini kilipomuuliza kila sauti ina ukubwa gani, yeye alikuwa amejibu sifuri, akidhani ni jambo dogo atalirekebisha baadaye. Kiini ni kitiifu. Kikiambiwa gunia ni tupu, hakiingizi mkono. Ikabidi arudi ghalani akapime moja moja.

Baya zaidi lilikuwa kuanguka. Programu yake ikisimama, ile folda inabaki inaning'inia kama mlango usio na ukuta, huingii, hufungi, mpaka aibandue kisha aibandike upya. Na kila ilipoanguka alipaza sauti kutoka kwenye kochi:

"Imekufa!"

Nyumba yenyewe ya msiba. Wanawake wamejaa uani. Mmoja alishika kichwa akauliza nani tena. Binti akaenda akamwambia mumewe kwa meno yaliyobanwa kwamba neno hilo aliache, aseme imelala. Kuanzia hapo tukawa tunasikia, "Imelala tena." Na wageni wote wakashusha sauti wasiiamshe.

Mwisho ikasimama. Kompyuta akaiweka sebuleni juu ya meza ndogo, na kila mtu akapewa picha yake ya kubonyeza, ili mashine ijue ni nani anauliza. Mimi nilichagua birika. Binti akachagua ua. Jirani mfuga kuku alichaguliwa jogoo, akafurahi. Mkwe mwenyewe hakujiwekea picha, alibaki na kile kichwa cha kijivu kisicho na uso.

Jirani ndiye aliyekuja wa kwanza. Akabonyeza jogoo wake. Sasa, mke wangu aliwasema kuku wa jirani mara nyingi sana, hasa kwa habari ya kizingiti chetu na wanachokiacha pale. Aliwasifu mara moja, alipokuwa na homa akaletewa mayai. Jirani alijibiwa hiyo moja. Aliirudia na kuirudia, akalia, akasema alijua tu kwamba marehemu aliwapenda kuku wake. Kesho yake akaleta mayai mengine. Mimi nikibonyeza birika langu nazipata zote, na za kizingiti. Mayai niliyala nikiwa nazisikiliza.

Folda iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Mgeni. Mkwe aliiacha wazi kwa kila mtu. Alikuwa amejihakikishia kwamba Mgeni ni binamu mmoja aliyewahi kuja kwetu kufanya mitihani, akafanya, akaendelea kukaa. Basi jioni sebule inajaa, mtu anabonyeza, sauti ya mke wangu inatoka:

"Mgeni kaamka. Jua limeshachoka kumsubiri. Anatembea kwa vidole, asije akaiamsha kazi."

Watu wanacheka mpaka wanashikana. Mkwe anacheka kuwashinda. Anaongeza sauti kwa ajili ya waliokaa nyuma.

"Mgeni anasema leo kashinda maktaba. Nimekwenda kutazama kiatu. Buibui kaanza kujenga."

"Huyo binamu naye," mkwe anasema, anafuta machozi. "Angalau angekizungusha hicho kiatu."

Mimi nilijua Mgeni ni nani. Hakuna aliyeniuliza.

Lakini yangu mimi sikuyapata. Watu wakishaondoka nilikuwa nabonyeza birika, naweka kidole kwenye kioo, nasoma folda moja moja. Binti. Jirani. Mtu wa maji. Mgeni. Magonjwa. Bei za sokoni. Paka. Paka yule alikaa kwetu msimu mmoja, akahamia kwa wenye samaki. Ana folda. Mimi sina.

Nilimuuliza mkwe kama ndizo zote. Akatazama sakafu, akasema, "Zote zinazokufaa, Baba." Nikashika lile la zote. Lililofuata sikulijali.

Nikaacha kubonyeza. Nilikaa uani nikajiambia ni haki. Nilikuwa kama ukuta. Ukuta ni kitu kizuri, unaegemea, lakini nani anampigia dada yake simu kumweleza habari za ukuta? Binti akaniuliza kama naumwa. Nikaguna.

Ndipo shemeji akaja. Hakuwahi kwenye mazishi, mguu ulikuwa umemlaza hospitali. Aliingia na fimbo na begi kubwa kuliko yeye, akalia kidogo, akanywa chai, akasema sasa niwekeeni mdogo wangu. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia, sauti zote alizotumiwa zimekwenda na maji. Alikuwa amezililia kama vile msiba wa pili.

Mkwe akamtengenezea picha ya mwavuli, akamwambia Mama mkubwa yeye hana la kufichwa, maana zote alitumiwa yeye. Shemeji akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, kidole kikishuka. Binti, ndiyo. Mtu wa maji, ndiyo. Paka, eti paka. Mgeni, hapo akacheka peke yake. Akafika chini. Akapanda juu. Akashuka tena.

"Za Bubu ziko wapi?"

Mkwe akakohoa. Akasema hizo ameziweka pembeni. Shemeji akasema pembeni wapi, na ndizo nyingi kuliko zote, haikupita siku bila Bubu. Mkwe akasema, kwa heshima, kwamba hizo amejiwekea mwenyewe, si za kusikilizwa mbele ya Baba.

Shemeji akataka kujua kwa nini.

Mkwe alisimama. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Alisema yeye miaka yote aliamini mama mkwe wake anamdharau. Alifika kwenye sauti zile akiwa anajikaza, tayari kwa lolote. Akakuta amepewa jina la Bubu, kwa sababu ya ukimya wake, na mwanzoni lilimuuma. Lakini akaendelea kusikiliza. Akasikia, "Bubu hasemi, lakini ndoo ya maji hajawahi kuniacha niinyanyue." Akasikia ukimya wa Bubu una faida kuliko hotuba za waume wa watu. Hapo alikuwa akitoka uani kwa sababu hakutaka tumwone. Akasema tangu siku ile amekuwa akimpokea ndoo kila anayemwona nayo.

"Nilikuwa nimepungukiwa na mama nisijue ninaye," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza: "Lililonishangaza ni la kukoroma tu. Anasema Bubu anakoroma usiku kucha. Nikasema labda kuta zetu ni nyembamba."

Shemeji alimtazama kwa muda. Akanigeukia mimi. Akamrudia yeye.

"Mwanangu," akasema taratibu, "Bubu ni huyu hapa."

Binti akaweka kikombe chini. Mkwe alibaki amesimama. Umewahi kumwona mtu aliyevaa koti harusini, likampendeza, kila mtu akamsifia, kisha mwenye koti akaingia? Ndivyo alivyokuwa. Alinitazama kama anayetaka kulivua anikabidhi.

Mimi nilikuwa nimekalia neno moja tu, kwamba haikupita siku.

Mkwe akauliza kwa sauti ndogo, sasa yeye aliitwaje.

Binti alitazama dari, na nikajua kwamba ndiyo kwanza na yeye anafumbuka macho. Shemeji alikuwa ameacha kidole chake kwenye kioo, mkono wa mtu mzima hautulii, kikabonyeza. Sebule ikajaa:

"Mgeni leo kashinda maktaba tena."

Mkwe aliisikiliza yote mpaka kwa buibui, kama mtu anayesomewa hukumu. Ilipokwisha akajiachia kukaa kwenye kochi. Kisha akanyanyuka haraka kutoka kwenye kochi.

Alianza kuwataja kwa kunong'ona. Jirani alisikia. Mume wa jirani alisikia. Mtu wa maji alikuja na mke wake kusikia. "Na mimi ndiye niliyeongeza sauti," akasema. Binti alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa na mabega yanamcheza. Mkwe akadhani analia, akaenda kumbembeleza. Hakuwa analia.

Alipopata nguvu akachukua kompyuta, akakaa nayo sakafuni. Akasema ni mstari mmoja tu, ule unaosema Bubu asikilizwe na nani. Akaurekebisha. Akaibandua folda. "Imelala," akasema, kwa mazoea. Akaibandika. Akanigeuzia kioo, akanisogezea meza mpaka kwenye magoti yangu, na yeye akarudi nyuma.

Nikabonyeza birika. Nikasoma. Binti. Bubu.

Nikaifungua mbele yao. Ningeweza kungoja niwe peke yangu, lakini nilikuwa nimengoja vya kutosha.

"Bubu kala, kanyamaza. Sahani kaosha. Nikageuka, na sufuria kaosha. Sasa dada, mtu kama huyo utamgombeza kwa lipi? Nimetafuta wee, nimekosa. Nimemgombeza kwa kuosha sufuria."

Ni kweli. Nilikumbuka ugomvi ule. Sikuwa nimeelewa unatoka wapi.

"Bubu anakoroma kama anaburuta kabati. Watu wananipa pole. Hawajui kwamba akinyamaza ndiyo naamka, nakaa kitandani nasikiliza, mpaka aanze tena."

Binti hakuwa anacheka sasa. Nikabonyeza nyingine, yoyote.

"Unasema haongei. Anaongea, wewe ndiye humsikii. Ngoja." Halafu sauti yake ikaenda mbali, kama amegeuza shingo: "Weee! Dada anakusalimu."

Kukawa na kimya kidogo. Kisha ndani ya mashine mtu akaguna. Mm. Fupi.

Ilikuwa ni mimi. Nilikuwa nimo.

Sauti yake ikarudi karibu: "Umesikia? Anasema marahaba, na wewe hujambo, na wajukuu wote hawajambo, na pole sana na huo mguu, na anasema njoo hata kesho, nyumba ni yako."

Shemeji alivua miwani. Akasema siku zote alidhani mdogo wake anayatunga yale.

Nikamwambia hakutunga. Nilisema hivyo.

Akaniambia basi salamu zimefika. Tukakaa, yeye na fimbo yake, mimi na birika langu.

Mkwe alikuwa amebaki pembeni mwa mlango, hana pa kukaa, maana kochi alikuwa analiogopa. Shemeji akamhurumia. Akamuuliza kama aliikuta ile ya nyumba. Nyumba ipi, mkwe akauliza. Ile ndefu, inayoanza na vitunguu. Mkwe akakumbuka. Ilianza na vitunguu, akaisikiliza mwanzo tu, akaitia kwenye Bei za sokoni. Wakaitafuta. Vitunguu vilikuwa virefu kweli. Baada ya vitunguu na nyanya, sauti ya mke wangu ikashuka, kama anayetazama mlangoni kwanza:

"Halafu dada, Mgeni kapata nyumba. Nzuri, ina hata bustani. Nimemwambia ina unyevu, itamuua kifua. Haina unyevu wowote. Lakini akiondoka huyu, nitamsema nani?"

Binti akasema polepole kwamba ile nyumba aliitaka sana.

Mkwe hakumsikia. Aliomba irudiwe. Ikarudiwa, akaomba tena, kutokea kwenye neno halafu. Mara ya mwisho alikuwa ameshakaa kwenye kochi, katikati kabisa, mikono ameitandaza.

Siku hizi shemeji yuko kwetu, mguu unapona. Asubuhi anabonyeza mwavuli wake na mimi nabonyeza birika langu, tunapokezana. Mkwe kazini kwake wamesikia habari za mfumo ule, wamemwita awaonyeshe. Alivaa viatu akaenda. Jirani alisimama getini kuvitazama vikipita.

Aliporudi alinikuta uani. Akakaa benchini, nusu yake hivi, akaniuliza jambo ambalo naona lilikuwa likimsumbua. Watu bado wanakuja jioni, na wote sasa wanajua Mgeni ni nani. Je, folda ya Mgeni aifunge, ibaki kwa sisi wa nyumbani, au aiache wazi?

Niliguna.

Akasema sawa, Baba, akaenda akaifunga. Nilikuwa nimesema aiache.